Amplifaya yangu ya kwanza inavuma, inachemka na kukatika: je, niongeze transfoma?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro na sijawahi kusomea umeme. Nilinunua Kariakoo seti ya vipuri vya kujiundia amplifaya ya stereo yenye aisii mbili za TDA2030A. Kwenye mfuko wake pameandikwa wati 100. Nilifuata mchoro, nikalehemu kila kitu, nikatumia transfoma ya 12-0-12 ya ampea 3 niliyoitoa kwenye sabufa bovu. Kila upande nimeufungia spika mbili za gari za omu 4, chanya na chanya, hasi na hasi. Muziki unatoka, lakini kuna mvumo hata nikishusha sauti hadi mwisho, na kuna mvumo mwingine unaopungua nikishika chuma cha kitufe cha sauti. Nikipandisha kupita nusu, sauti inapasuka. Baada ya dakika kama kumi upande mmoja unakatika, kisha unarudi wenyewe. Fundi mmoja ameniambia nikate waya wa ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mwingine ameniambia niweke transfoma ya 18-0-18 ili nizipate hizo wati 100. Nataka pia kuihamishia ndani ya boksi la chuma la deki bovu. Nifuate ushauri upi? Au nikubali tu kwamba kazi hii si yangu?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nahisi ndilo linalokusumbua zaidi. Mtu ambaye hajasomea umeme, akalehemu bodi ya stereo kwa kufuata mchoro tu, na bodi hiyo ikatoa muziki pande zote mbili, hana sababu ya kujiuliza kama kazi ni yake. Nimefundisha vijana wengi ambao bodi yao ya kwanza ilitoa moshi kabla ya kutoa sauti. Yako ina kasoro nne, zote zinarekebishika, na ukizitazama kwa makini utaona kwamba zina ukoo mmoja.

Kuhusu ushauri wa mafundi wako wawili, usifuate hata mmoja. Wa kwanza unaweza kukuua wewe, na wa pili utaziua aisii zako. Nitaeleza sababu za kila mmoja, lakini kwanza chomoa plagi ukutani, kwa kuwa baadhi ya mambo uliyoyaeleza si ya kuendelea kuyasikiliza huku unasoma.

Kosa la msingi, ambalo hata mafundi wenye uzoefu hulifanya, ni kudhani kwamba amplifaya hutengeneza nguvu. Chukua mfano wa tangi la maji lililo juu ya mnara na koki iliyo chini yake: koki haina maji yake yenyewe, kazi yake ni kuyaachia maji ya tangi kwa kadiri mkono unavyoizungusha. Aisii yako ni koki hiyo. Mkono unaoizungusha ni mawimbi madogo yanayotoka kwenye simu, na tangi ni transfoma pamoja na dayodi (zinazougeuza umeme geu wa transfoma kuwa wa moja kwa moja) na kapasita kubwa (zinazouhifadhi) zinazoifuata. Kila wati inayofika kwenye spika imetoka kwenye transfoma, na kila wati iliyotoka kwenye transfoma bila kufika kwenye spika imegeuka joto ndani ya koki. Kumbuka sentensi hiyo moja, kwa sababu wati 100 zako, joto lako, kukatika kwako na sehemu kubwa ya mvumo wako vyote vinaelezeka kwayo.

Tuanze na wati 100. Transfoma yako ina volti 24 kutoka ncha hadi ncha na ampea 3, kwa hiyo uwezo wake wote ni volti-ampea 72. Aliye na shilingi elfu sabini na mbili mfukoni hawezi kulipa laki moja, hata kama bahasha imeandikwa laki moja. Namba zinazoandikwa kwenye mifuko hiyo, kama zile za kwenye maboksi ya sabufa, mara nyingi huwa ni kilele cha kufikirika cha sekunde chache ambacho hakuna mtu anayelazimishwa kukipima kwa kanuni moja.

Hesabu ya kweli unaweza kuifanya mwenyewe. Volti 12 za umeme geu zina kilele cha karibu volti 17, kwa sababu kilele ni volti hizo mara 1.41. Dayodi hula kiasi cha volti 1, nawe unabaki na takriban volti 16 juu ya sifuri (yaani waya wa katikati wa transfoma na vyote vilivyoungwa nao) na 16 chini yake. Muziki ukipigwa kwa nguvu, transfoma huelemewa na volti hizo hushuka hadi 14 au 15, na aisii yenyewe haiwezi kufika ukingoni kabisa, hupoteza kama volti 2. Kwa hiyo wimbi linalofika kwenye spika lina kilele cha volti 12 hivi. Zidisha 12 kwa 12 upate 144, gawa kwa mara mbili ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8 unapata wati 9, na kwa spika ya omu 4 unapata wati 18. Hiyo ndiyo amplifaya yako, wati 9 au 18 kila upande, nami nakuhakikishia kwamba kwa chumba cha mwanafunzi hizo ni nyingi. Sikio letu ni gumu kuridhisha, kwani ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, nguvu inahitaji kuongezeka takriban mara kumi. Tofauti ya wati 9 na wati 18 utaisikia kwa shida.

Sasa uone kwa nini transfoma ya 18-0-18 haifai. Kilele chake ni volti 25 na zaidi kila upande, ilhali TDA2030A imewekewa ukomo wa volti 22 kila upande, na ndugu yake mkubwa, TDA2030 isiyo na herufi A, ana ukomo wa 18. Ukomo maana yake ni ukomo. Hata kwa transfoma uliyo nayo, wakati hakuna muziki na umeme wa TANESCO umepanda kidogo, utaweza kupima volti 17 au 18, jambo linaloonyesha kwamba herufi hiyo A si pambo. Itazame kwa lenzi kwenye mgongo wa aisii, na ukijua kwamba soko limejaa aisii zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya, usizijaribu kwa volti za ukingoni.

Upande unaokatika baada ya dakika kumi na kurudi wenyewe haujaharibika. Ndani ya TDA2030A kuna kinga ya joto inayoinyamazisha aisii kiini chake kinapokaribia nyuzi joto 150, kisha huiachia ikipoa. Aisii yako inajiokoa. Swali la kujiuliza ni kwa nini inafika huko, na hapa naona sababu mbili, ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya pili.

Umefunga spika mbili za omu 4 chanya na chanya, hasi na hasi. Zikifungwa sambamba namna hiyo, mkondo unapata njia mbili badala ya moja, na omu 4 mbili zinakuwa omu 2. Kilele cha volti 12 juu ya omu 2 kinadai ampea 6, na aisii hii hujizuia yenyewe kwenye ampea 3.5 hivi. Sehemu ya mpasuko unaousikia ni kizuizi hicho kikigonga. Kuhusu joto, aisii ya aina hii hufikia joto lake baya zaidi si pale muziki unapokuwa mkubwa kabisa, bali katikati, pale koki inapokuwa nusu wazi. Kwa volti zako, joto hilo ni kama wati 6.5 kwa spika ya omu 8, wati 13 kwa omu 4, na wati 26 kwa omu 2. Waundaji wake wameipa uwezo wa kuhimili wati 20, tena kwa sharti kwamba kiwiliwili chake kisizidi nyuzi 90. Uliidai isichoweza.

Dawa yake haina gharama. Zifunge spika mbili za kila upande kwa mfuatano: chanya ya amplifaya iende kwenye chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika hiyo iende kwenye chanya ya spika ya pili, na hasi ya spika ya pili irudi kwenye sifuri ya amplifaya. Omu 4 na omu 4 zinajumlishwa kuwa omu 8, joto linashuka hadi robo, na sauti utakayoipoteza haitakusikitisha. Hakikisha tu kwamba spika hizo mbili ni za aina moja, vinginevyo moja itakula zaidi ya mwenzake.

Sababu ya pili ni kipoozeo. Hukuniambia umetumia alumini ya ukubwa gani, lakini seti nyingi huja na kipande kidogo kama kiberiti, ambacho kinatosha kwa wati chache tu. Chukua kipoozeo chenye mapezi kutoka kompyuta ya mezani iliyokufa, au kutoka kwenye hilo sabufa bovu ulilotolea transfoma. Kisimamishe mapezi yakielekea juu na chini ili hewa ipande kati yake, paka krimu ya kupitishia joto safu nyembamba sana, kisha kaza skrubu bila kuinamisha aisii. Krimu nyingi haisaidii, kwani kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana, na ikiwa nene inakuwa blanketi.

Hapa nakuomba usimame kidogo, kwa sababu ya hilo boksi la deki. Bamba la chuma lililo mgongoni mwa TDA2030A limeungwa ndani kwa ndani na mguu wa 3, yaani mguu wa volti hasi. Kwa umeme wako wa pande mbili, bamba hilo lina volti 16 chini ya sifuri. Aisii mbili zikikaa juu ya alumini moja bila kizuizi hakuna tatizo, kwa kuwa zote mbili zina volti ileile, lakini siku utakapoifunga alumini hiyo kwenye boksi la chuma lililounganishwa na sifuri ya saketi, utakuwa umeiunga volti hasi na sifuri moja kwa moja. Utasikia transfoma ikiguna, utaona cheche, na usipokuwa na fyuzi utanusa harufu. Weka kipande cha mika au mpira mwembamba maalumu kati ya kila aisii na kipoozeo, weka bushi ya plastiki kwenye skrubu, kisha pima kwa mita kati ya bamba la aisii na alumini. Mita isilie. Ikilia, fungua uanze tena.

Nije kwenye mvumo, ambao ndio unaowakatisha tamaa wengi wanaoanza. Wewe umenisaidia sana, maana umeeleza mivumo miwili na tabia zake, na tabia ndiyo inayomtambulisha mwizi.

Mvumo unaobaki hata kitufe kikiwa mwisho wa chini hauji kutoka kwenye simu wala kwenye waya wake, kwa sababu kitufe kimekwisha kuufunga mlango huo. Unaingia baada ya kitufe, na karibu daima unaingia kwa njia ya waya wa sifuri. Fundi wa haraka atakuambia uongeze kapasita. Kapasita kubwa ni nzuri, na kama zako ni za mikrofaradi 2200 ningependa uweke 4700 kila upande, kwa kuwa muziki unapovuta ampea 1, ile ya 2200 inaweza kuachia volti zishuke kwa zaidi ya 4 kati ya pigo moja la dayodi na jingine. Lakini wewe unausikia mvumo kukiwa kimya, wakati aisii zote mbili kwa pamoja zinavuta kama ampea 0.1 tu, na mawimbi madogo yanayobaki kwenye kapasita aisii huyakataa yenyewe kwa sehemu kubwa. Mkosaji yuko kwingine.

Kapasita hazijazwi taratibu. Zinajazwa kwa mapigo mafupi, mara 100 kwa sekunde, kila kilele cha umeme kinapopita, na kila pigo ni kubwa mara kadhaa kuliko wastani. Mapigo hayo yanasafiri katika waya unaotoka katikati ya transfoma, ile sifuri ya 12-0-12, kwenda kwenye makutano ya kapasita. Tuseme pigo ni la ampea 1, na kipande cha waya au njia ya shaba kwenye bodi kina omu 0.005 tu. Ncha moja ya kipande hicho itatofautiana na nyingine kwa milivolti 5. Ukiwa umeunga sifuri ya ingizo la muziki upande mmoja wa kipande hicho na sifuri ya bodi upande mwingine, aisii itaziona hizo milivolti 5 kama muziki na kuzikuza. Inakuza mara ngapi? Tazama rezista mbili zinazorudisha sauti kutoka kwenye tokeo, yaani mguu wa aisii unaopeleka sauti kwenye spika: katika mchoro wa kawaida wa aisii hii ni kilo-omu 22 na omu 680, na ukuzaji wake ni mara 33. Milivolti 5 zinakuwa karibu 165 kwenye spika. Huo ndio mvumo wako.

Kwa hiyo panga sifuri kama mizizi ya mti mmoja. Chagua pointi moja, mahali kapasita mbili kubwa zinapokutana. Waya wa katikati wa transfoma uje mpaka hapo na uishie hapo, usipitie kwanza kwenye bodi. Kutoka hapo utoe waya mmoja mnene kwenda kwenye bodi, na waya wa hasi unaorudi kutoka kwenye spika za kila upande uishie kwenye pointi hiyohiyo. Sifuri ya ingizo la muziki iungwe kwenye bodi karibu na mguu wa ingizo, isipelekwe tena mahali pengine. Nyaya za transfoma zinazobeba umeme geu zisokotwe pamoja na zipite mbali na nyaya za ingizo. Transfoma yenyewe, kabla hujaifunga kwa skrubu, izungushe huku na huku (bila kugusa upande wa volti 230) ukisikiliza. Kuna pembe ambayo mvumo hupungua waziwazi, nami sijawahi kujutia dakika tano za kuitafuta.

Mvumo wa pili, ule unaopungua ukishika chuma cha kitufe, ni rahisi zaidi. Ganda la kitufe halijaungwa na sifuri, hivyo linaokota umeme unaoelea hewani chumbani na kuumwagia kwenye ingizo. Mwili wako ukiligusa unabadilisha hali hiyo. Kwangua sehemu ndogo ya mgongo wa ganda kwa msasa, lehemu waya mwembamba, uupeleke kwenye mguu wa sifuri wa kitufe hicho hicho. Kutoka kwenye jeki ya ingizo hadi kwenye kitufe tumia waya wenye ngao.

Na ukikuta mvumo unakuja pale tu simu inapokuwa kwenye chaja, wa kulaumiwa ni chaja. Jaribu nyingine, au sikiliza kwa betri.

Sasa waya wa ardhi. Ni kweli kwamba wakati mwingine ukiukata, mvumo hupungua, na ndiyo maana ushauri huo haufi. Unapungua kwa sababu umevunja mzunguko wa sifuri mbili zinazokutana mahali pawili. Lakini waya huo haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Umewekwa kwa ajili ya siku ambayo varnishi ya transfoma, hasa transfoma ya zamani kama yako, itachubuka na volti 230 kugusa boksi la chuma. Waya wa ardhi ukiwapo, mkondo mkubwa utapita ndani yake na fyuzi itakatika. Usipokuwapo, boksi litakaa kimya na volti 230 zake likimsubiri atakayeligusa, ambaye huenda akawa mdogo wako aliyekuja likizo. Unga waya wa ardhi kwa skrubu yake peke yake kwenye chuma cha boksi kilichokwanguliwa rangi, na ile pointi yako ya sifuri uiunge kwenye boksi mahali pamoja tu. Ukipanga sifuri kama nilivyoeleza, hutakuwa na sababu ya kuutamani ushauri huo.

Ukiwa hapo upande wa umeme mkubwa, weka fyuzi kabla ya transfoma. Volti-ampea 72 kwa volti 230 ni kama ampea 0.3, hivyo fyuzi ya miliampea 500 au 630 ya aina inayochelewa inatosha. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi hailindi transfoma ndogo hata kidogo. Weka ya ampea 3 hapo pia.

Kupasuka kwa sauti ukipita nusu kutapungua ukishafunga spika upya, lakini hakutakwisha, na hilo si ugonjwa. Ukuzaji ni mara 33 na kilele kinachowezekana ni volti 12, kwa hiyo ingizo la volti 0.36 tu linatosha kuijaza amplifaya hadi ukingoni, nazo simu nyingi hutoa zaidi ya hapo zikipandishwa sauti. Mawimbi yanakatwa vichwa kwa sababu tangi halina maji zaidi. Shusha simu kidogo, au ukubali kwamba nusu ya kitufe ndiyo mwisho. Kuna jambo dogo pia la kutazama kwenye kitufe chenyewe: kama kimeandikwa B50K, kinapanda kwa mstari ulionyooka, na sauti inaonekana kuruka yote mwanzoni, chenye herufi A kinapanda kwa namna inayolingana na sikio. Sijui kwa nini wauzaji wa seti wanapenda kutia cha B.

Kabla hujaunga spika tena baada ya marekebisho haya, fanya majaribio mawili. La kwanza ni la balbu. Funga balbu ya zamani yenye uzi, wati 40 au 60, kwa mfuatano na waya wa moto unaoingia kwenye transfoma. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Ukiwasha, balbu imulike kidogo kapasita zinapojaa, kisha ififie. Ikiendelea kuwaka sana, kuna mahali pamegusana, nawe umeokoa transfoma kwa bei ya balbu. Mafundi redio wa zamani hawakuwasha kitu bila balbu hiyo, na nadhani walikuwa na akili kutuzidi.

Jaribio la pili ni la volti tuli kwenye tokeo. Bila spika, ukiwa umeuzima mlango wa muziki, pima volti za moja kwa moja kati ya tokeo na sifuri. Upate milivolti chache, au makumi machache. Ukipata volti nzima au zaidi usiunge spika, kwa sababu volti tuli huisukuma koili yake upande mmoja na kuichoma. Ukikuta sehemu ya volti, kama 0.5 hivi, itilie shaka ile kapasita ya mikrofaradi 22 iliyo chini ya rezista ya omu 680. Ikiwa imefungwa kinyume au inavuja, kasoro ndogo ya aisii inakuzwa mara 33 pamoja na muziki. Ukikuta volti karibu na 16, aisii imekufa au mguu mmoja haujashika risasi.

Nakuomba pia utazame kapasita kubwa ya upande wa hasi. Wengi huifunga kinyume kwa sababu mazoea yanawaambia kwamba mstari wa hasi siku zote huelekea sifuri. Upande huo wa saketi sifuri iko juu kuliko volti hasi, kwa hiyo mguu wa chanya wa kapasita ndio unaokwenda kwenye sifuri na mstari unaelekea volti 16 hasi. Iliyofungwa kinyume huvimba kichwa, na mwishowe hupasuka kwa kishindo.

Kama baada ya haya yote bado unatamani nguvu zaidi, njia ya uaminifu ni kubadili aisii na si kuibana hii. Transfoma ya 18-0-18 inaifaa LM3886, ambayo kwa volti 28 kila upande (zaidi kidogo ya zile za transfoma hiyo) hutoa hadi wati 68 kwenye omu 4, ingawa itakudai kipoozeo kikubwa, transfoma nzito na pesa zaidi. Na nikuambie wazi, ikiwa shabaha yako ni kelele tu, bodi iliyokwisha kuundwa yenye TPA3116D2 itakupa nguvu zaidi kwa joto dogo na kwa umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 24, hata wa betri ya sola. Anayeunda seti ya TDA2030A anaiunda kwa sababu anataka kujua sauti inapita wapi, na kwa maelezo uliyoniandikia naona wewe ni wa kundi hilo.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na usione haya kumwita mtu. Kama hujui kwa hakika nyaya zipi za transfoma hiyo ni za ukutani, usibahatishe: upande wa volti 230 kwa kawaida hupima makumi ya omu na upande wa volti ndogo chini ya omu 1 au karibu na hapo, lakini mpelekee fundi mwenye uzoefu au mwalimu wa umeme wa VETA akuthibitishie kabla ya kuufunga ndani ya chuma. Mwite pia ukihisi kidole kinatekenywa unapogusa boksi, ukinusa varnishi ikiungua, transfoma ikiwa moto wakati hakuna muziki, au balbu ya majaribio ikikataa kufifia mara mbili mfululizo. Fundi huyo asiwe yule wa kukata waya wa ardhi.

Ukishafunga spika kwa mfuatano na kupanga sifuri upya, niandikie namba tatu: volti za kila upande wa kapasita kubwa kukiwa kimya, milivolti za kila tokeo, na dakika ulizopiga muziki kabla ya kushindwa kuweka kidole kwenye kipoozeo kwa sekunde tano. Hapo tutajua kama boksi la deki linahitaji matundu juu, au chini pia.